Saa iliyoandikwa PAKETA

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba yangu alisoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, akarudi Tanga mwaka 1978 na saa ya mkono ya kujaza iliyoandikwa PAKETA. Imesimama miaka mingi. Nimetafuta jina hilo kwenye intaneti nikakosa. Fundi mmoja wa hapa anasema ataupaka rangi uso wake, ataing'arisha kasha kwa mashine, na itakuwa mpya kabisa. Nimekutumia picha za nje na za ndani. Je, nikubali? Na nikitaka kuanza kukusanya saa za Kirusi, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

La haraka kwanza. Kama saa iko kwa huyo fundi, mpigie simu kabla hujamaliza kusoma, umwambie asiguse uso wa saa. Mashine ya ndani ya saa inaweza kusubiri, na kasha pia. Uso ukishafutwa haurudi.

Hukuipata hiyo PAKETA kwa sababu herufi si zetu. Ni za Kirusi, na kwa Kirusi umbo la P yetu husomwa R. Hiyo ni Raketa, yaani roketi. Ukikutana na saa iliyoandikwa BOCTOK, jua ni Vostok, maana yake mashariki, kwa kuwa B yao ni V na C yao ni S. Kwa kanuni hiyo hiyo CCCP ni SSSR, kifupi cha jina la Umoja wa Kisovieti. Kwenye picha yako, chini kabisa penye namba 6, kuna maneno madogo: Сделано в СССР, «Imetengenezwa Umoja wa Kisovieti». Saa zilizokusudiwa kuuzwa nje mara nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kilatini. Ya mzee ina herufi za Kirusi, kama zile walizouziwa wenyeji, na hilo linakubaliana na unavyosimulia, kwamba aliinunua kule kule akiwa mwanafunzi.

Raketa zilitengenezwa Petrodvorets, mji mdogo wa majumba ya kifalme kando ya Leningrad, ambayo leo ni St Petersburg. Kiwanda chenyewe kina asili ya mwaka 1721, enzi ya mfalme Peter Mkuu, kikiwa karakana ya kuchonga mawe ya thamani. Watu hujiuliza mawe yanahusianaje na saa. Ndani ya saa ya kujaza, ncha za magurudumu huzunguka kwenye vitundu vilivyotobolewa kwenye vipande vidogo vya rubi ya kutengenezwa, kwa kuwa jiwe halisagiki upesi kama shaba. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda hicho kilikuwa kinachonga mawe ya kiufundi ya namna hiyo. Vita vikakivunja. Kilipojengwa upya, kutoka kwenye mawe ya saa hadi saa yenyewe hapakuwa mbali. Walianza na Pobeda, maana yake ushindi, jina lililozaliwa vita vilipokwisha. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akawa binadamu wa kwanza kuruka anga za juu, na kwa heshima ya safari hiyo saa za Petrodvorets zikapewa jina la Raketa.

Sasa tuje ndani. Kwenye picha ya mashine, chini ya lile gurudumu linaloyumba, ndilo gurudumu la mizani, nimesoma 2609.HA. Hiyo HA ni ya Kirusi, itamke NA. Jifunze kusoma namba hizi, kwa sababu zitakulinda na hasara nyingi mbele ya safari. Warusi walikuwa na utaratibu mmoja kwa viwanda vyao vyote: tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa mashine kwa milimita, mbili za mwisho ni aina ya kazi zake. Kwa hiyo yako ni mashine ya milimita 26, na 09 maana yake ni ya kujaza kwa mkono, mshale wa sekunde uko katikati, na ekseli ya gurudumu la mizani imekingwa isivunjike saa ikianguka. Namba ikiishia na 14, imeongezwa tarehe. 16 ni tarehe na kujijaza yenyewe mkono unapotembea. 28 ni tarehe pamoja na siku ya wiki. 02 ni ya zamani zaidi, sekunde ziko kwenye kijiduara chake penye namba 6, na haina kinga ya kuanguka. Muuzaji akikuambia saa yake inajijaza yenyewe nawe ukafungua ukakuta 2409, huna haja ya kubishana naye.

Mashine ya 2609.HA ina vito 19, yaani vile vipande vya rubi, na hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde. Si mashine ya kifahari. Haijapambwa, kingo zake hazijapigwa msasa wa urembo kama za Uswisi. Lakini ni nene, imara, imepangwa kwa nafasi, na fundi mwenye mkono mtulivu anaifungua na kuifunga bila kuvunja kitu. Mimi naipenda kuliko mashine nyingi za bei kubwa zilizopita mezani kwangu. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo sokoni haitakutajirisha, na pia haitakunyima vipuri.

Turudi kwenye uso, maana hapo ndipo swali lako lilipo hasa.

Uso wa saa hii ni bamba jembamba la metali lililopakwa rangi, juu yake zikachapwa namba na maandishi, kisha kukawa na vanishi nyepesi. Uchapaji wa kiwandani ni mwembamba kuliko unywele. Tazama neno Сделано kwa lensi uone kila herufi ilivyosimama. Hakuna fundi wa mtaani, awe Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, anayeweza kuyarudisha maandishi hayo. Atakachofanya ni kukwangua, kupuliza rangi nyeupe, na kuandika Raketa kwa mhuri alioutengeneza mwenyewe. Kwa mbali itang'aa. Kwa karibu itakuwa saa isiyomjua mzee wako. Na kwa mkusanyaji yeyote, uso uliopakwa upya unaishusha saa kuliko uso wenye madoa.

Hili nalisema kwa uchungu, si kwa kusoma. Nilipokuwa kijana, mwaka wa pili kazini, nililetewa Pobeda yenye uso wa rangi ya maziwa, na vumbi limeganda penye 12. Nikachukua pamba, nikailowesha kidogo tu, nikapitisha mara moja. Pamba ilitoka na neno zima. Mwenye saa alikuwa mzee mmoja mpole. Aliitazama, akaitia mfukoni, akanilipa fedha yangu akaondoka. Tangu siku ile uso wa saa siupangusi kwa kitu chochote chenye unyevu. Napuliza vumbi kwa kipira cha kupulizia hewa, basi.

Yale madoa ya kahawia karibu na namba 9 ni unyevu ulioingia, na pwani yetu haina uchache wa unyevu. Yaache. Kama hayapandi juu kama ukoko na mishale haiyagusi ikipita, hayana dhara.

Kasha nalo lisipelekwe kwenye mashine ya kung'arishia. Kasha za Raketa nyingi za kawaida ni shaba ya manjano iliyopakwa kromi, mfuniko wa nyuma peke yake ndio chuma kisichoshika kutu. Kwenye pembe za picha yako naona umanjano umeanza kuchungulia. Hiyo ni kromi imelika kwa jasho. Ukiipeleka kwenye gurudumu la kung'arisha, utaondoa kromi iliyobaki na kuzilainisha pembe kali za kasha, na umbo likishaisha halina pa kurudi. Brashi laini ya meno, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha, tena kasha likiwa tupu, mashine imeshatolewa. Kama baadaye utakutana na kasha la rangi ya dhahabu lenye mhuri wa Au na tarakimu kama 10 au 20, hizo ni maikroni za dhahabu iliyopakwa juu. Maikroni 10 ni sehemu moja ya elfu ya sentimita. Pima mwenyewe kama hiyo ni ya kusugua.

Kioo ni jambo jingine. Si kioo hasa, ni plastiki ngumu, na mikwaruzo yake huondoka kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiyo ya jeli, ukisugua kwa kitambaa laini kwa dakika kadhaa. Kikiwa na ufa, badilisha bila huruma, maana ufa ndio mlango wa unyevu. Badilisha pia mkanda, mpira wa mfunikoni, na kamani, ile springi inayoiendesha saa, ikiwa imechoka. Vitu hivi vilitengenezwa viishe. Uso, mishale na kasha ndivyo vinavyoifanya saa iwe hiyo na si nyingine.

Sasa matibabu yenyewe. Saa yako naona haijavunjika. Kwenye picha magurudumu yote yako mahali pake, na hakuna kutu. Kinachoonekana ni mafuta yaliyokauka yakageuka gundi. Mwulize fundi maswali machache kabla hujamwachia, umsikilize anavyojibu.

Mwulize kama ataifungua yote, kipande kimoja kimoja. Wako wanaochovya mashine nzima kwenye petroli, wakaitikisa, wakaipuliza na kuirudisha. Itatembea miezi miwili. Uchafu umeyeyuka ukahamia kwenye vitundu vya vito, na hapo husaga ncha za ekseli kama mchanga. Anayejua ataifungua kamani kwanza, aiachie nguvu yake polepole kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu kamani iliyojaa ikiachiwa ghafla huvunja meno ya magurudumu. Ataziba uso kwa kipande cha plastiki anapong'oa mishale. Atalegeza skrubu mbili ndogo za ubavuni zinazoshika miguu ya uso, auweke uso kwenye kikopo chake, mbali na meza ya kazi, usionekane tena hadi mwisho.

Mwulize anaoshea nini. Benzini safi ni sawa. Spiriti si sawa kwa kile kijiti chenye vito viwili kinachoshika na kuachia gurudumu la meno, wala kwa gurudumu la mizani, kwa sababu vito vyake vimegandishwa kwa lakiri, na lakiri huyeyuka kwenye spiriti. Nimepokea saa ambazo jiwe lilikuwa linaelea ndani ya mashine kwa kosa hilo.

Na mwulize mafuta. Akikuonyesha chupa ya mafuta ya cherehani, mshukuru uondoke. Mafuta hayo hutambaa, hayakai pale ulipoyaweka, na yakifika kwenye ule utepe mwembamba uliojizungusha kama nyoka juu ya gurudumu la mizani, mizunguko yake hushikana, utepe unakuwa mfupi kwa kazi, na saa inakimbia nusu saa kwa siku. Mafuta ya saa ni ya aina mbili angalau: mazito kwa kamani na ekseli zinazokwenda polepole, mepesi kwa zinazokwenda mbio. Yanawekwa kwa ncha ya sindano, tone lisiloonekana vizuri kwa macho matupu. Ncha za ekseli ya kile kijiti cha vito viwili hazitiwi mafuta kabisa.

Ikitokea kipuri kimekufa, dawa rahisi ni kununua 2609.HA nyingine iliyoharibika uso au kasha, uifanye mfadhili. Vipuri vyao huingiliana. Kile kilichotoka kwenye saa ya mzee, hata kiwe kimekatika, kitie kwenye kijifuko ukitunze pamoja nayo.

Usiitegemee kwenda kama saa ya betri. Baada ya matengenezo mazuri, ikipishana kwa nusu dakika kwa siku mimi huridhika, na hata dakika nzima kwa saa ya umri huo si ugonjwa. Ijaze asubuhi, saa ile ile kila siku, hadi kitufe kigome chenyewe. Usiivae kuogea, wala kufulia. Ghafla ikianza kukimbia sana, isogeze karibu na dira; sindano ikicheza, imeshikwa na sumaku ya simu au spika, na fundi mwenye kifaa cha kutolea sumaku huimaliza kwa sekunde chache.

Kuhusu kukusanya: umeshaanza. Unayo moja, na unaijua ilikotoka, jambo ambalo wakusanyaji wengi hawana kwa saa hata moja.

Ya pili ningekuelekeza kwenye Vostok Amphibia, na sababu yake ni akili iliyomo. Kiwanda cha Vostok kiko Chistopol, kando ya mto Kama, huko Tatarstan. Kilifika pale mwaka 1941, mashine za Kiwanda cha Pili cha Saa cha Moscow zilipohamishwa kukimbia majeshi ya Wajerumani. Mwaka 1967 wahandisi wake wawili, Mikhail Novikov na Vera Belova, walitoa saa ya kuzamia hadi mita 200. Saa za kuzamia za wengine zilitegemea mfuniko na kioo kukazwa sana dhidi ya maji. Wao wakayaachia maji yenyewe yafanye kazi. Kioo ni plastiki nene, na kadiri unavyozama, maji yanakisukuma na kukikaza zaidi kwenye kasha. Mfuniko wa nyuma hauzungushwi. Unawekwa juu ya mpira mpana, kisha pete ya nje ndiyo inayokazwa, ili mpira ubanwe tu bila kusokotwa. Na ukikilegeza kitufe chake utakikuta kinayumbayumba, utadhani kimevunjika. Hakijavunjika. Kimeachwa hivyo makusudi ili ukikigonga pembeni usipeleke pigo kwenye mashine. Wanunuzi wengi huirudisha saa nzima kwa sababu ya kuyumba huko, masikini.

Baada ya hapo tafuta Slava ya Moscow yenye mashine ya 2428, uione ina nyumba mbili za kamani mahali pa moja. Kisha Pobeda, ambayo mashine yake ina asili ya kampuni ya LIP ya Ufaransa, iliyowauzia Warusi ujuzi huo miaka ya 1930. Viwanda kadhaa viliitengeneza, mtu anaweza kukusanya Pobeda peke yake maisha yake yote. Poljot ya 3133, ile yenye vitufe viwili vya kupimia muda, iache kwanza. Ni saa nzuri sana, mashine yake imetokana na Valjoux 7734 ya Uswisi, lakini matengenezo yake yanataka fundi wa kiwango kingine.

Jihadhari na saa za viraka. Ndivyo ninavyoziita zile zilizoshonwa kwa vipande vya saa nne tofauti. Zinazojulikana zaidi ni saa kubwa za mkono zenye picha ya nyambizi, ndege, au alama za jeshi la Hitler, ambazo ukizifungua unakuta 3602, mashine ya saa ya mfukoni ya Molnija kutoka Chelyabinsk. Uso umechapwa juzi. Pobeda nazo hupakwa nyuso mpya nyeusi zenye nyota nyekundu kubwa, zikaitwa za marubani. Kila unapoona uso unang'aa kama sahani mpya na mishale imezeeka, uliza kwa nini havikuzeeka pamoja. Omba picha ya ndani kabla ya kulipa. Asiyetaka kuipiga amekujibu.

Na tahadhari moja ya afya. Saa za miaka ya 1940 na 1950, hasa za kijeshi, nyingine zina namba na mishale iliyopakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Mng'ao umekufa, rangi imegeuka hudhurungi, lakini mionzi ipo bado. Kuiweka kabatini hakuna neno. Kuikwangua au kupulizia vumbi lake ndiko kubaya, na saa ya namna hiyo usimpe fundi bila kumwambia.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa sababu sijui kama umeliona. Kwenye picha ya mfuniko wa nyuma, upande wa ndani, kuna mikwaruzo midogo karibu na ukingo. Nimeikuza. Ni 5/84, na pembeni kuna kitu kama herufi mbili. Hiyo ni desturi ya mafundi: ukimaliza kuisafisha saa, unaandika kwa sindano mwezi na mwaka, na alama yako. Mei 1984 mzee aliipeleka saa yake kwa fundi, na fundi huyo aliifanya kazi vizuri, maana hakuna kichwa cha skrubu hata kimoja kilichochanika. Utakapompata fundi wako, mwonyeshe. Akimaliza, mwombe aandike tarehe yake chini ya ile, kwa herufi ndogo, aache nafasi.